Ukishashika kipenga, hutazami tena mechi kama zamani

Mshika Kibendera (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nimechezesha soka la ngazi za chini kwa miaka kadhaa sasa, mara nikiwa katikati, mara pembeni na kibendera. Kuna jambo nataka tulijadili kwa utulivu: ukishaingia kwenye uamuzi, macho yako hayarudi tena yalikokuwa. Mnakaa pamoja, mechi ni moja, lakini wewe unaona mambo ambayo wenzako hawayaoni, na wakati mwingine wao wanashangilia wewe ukiwa bado unahakikisha. Nitasema ninayoyaona upande wa soka, kisha waamuzi wa michezo mingine waongezee.

Cha kwanza kuhama ni jicho lenyewe. Shabiki anafuata mpira, na kamera nayo inafuata mpira. Mwamuzi anafundishwa mapema kwamba mpira haufanyi madhambi, wanaofanya ni watu. Chukueni kona. Mpigaji anapouweka mpira kwenye robo duara, karibu uwanja mzima unamtazama yeye. Mimi siku hizi simwoni kabisa. Natazama kundi lililo mbele ya goli: beki gani ameupa mpira mgongo na kumkodolea macho mtu wake tu, nani mkono wake umeshafika kiunoni kwa mwenzake, nani amesimama mbele ya kipa bila dalili ya kutaka kuruka. Beki asiyeutazama mpira ndiye atakayevuta jezi, kwa hiyo ukishamjua, unajua pa kuelekeza macho krosi ikipigwa.

Mtaona pia kwamba waamuzi wengi huisimamisha kona kwanza, wakawafuata wawili wanaoshikana, wakawaonya. Jukwaani watu wanaguna, wanaona muda unapotea. Sababu iko kwenye sheria: kabla mpira haujapigwa, hauko mchezoni, na mwamuzi hawezi kutoa penalti wala faulo kwa mtu aliyeshikwa wakati huo. Anaweza kuonya au kutoa kadi, basi. Anachowaambia wale wawili ni kwamba mpira ukishapigwa tu, kushikana kulekule kutakuwa na bei nyingine.

Cha pili ni kuotea (offside), yaani mshambuliaji kuwa mbele ya mpira na ya wapinzani wawili wa mwisho mwenzake anapopiga pasi, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapogombana zaidi.

Nikiwa na kibendera, kazi yangu ni kwenda sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, au na mpira kama uko karibu zaidi na goli. Macho yanakaa kwenye mstari ule. Na pasi? Pasi unaisikia. Mguu ukigonga mpira, sikio linakupa taarifa, na jicho linanasa nani alikuwa wapi wakati uleule. Uwanja ukijaa kelele, sikio halisaidii tena, inabidi jicho ligawanyike kati ya mpiga pasi na mstari. Sasa pigeni hesabu. Mshambuliaji anakimbia mita 8 kwa sekunde kuelekea golini. Beki anapanda mita 6 kwa sekunde kwenda upande wa pili. Ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, wameshapishana kwa mita 1.4. Yaani ukichelewa kugeuza jicho kwa muda mfupi kiasi hicho, mtu aliyekuwa sawasawa na beki unamkuta ametangulia zaidi ya mita nzima. Ndiyo maana mshika kibendera akipatia tukio la namna hiyo kwa macho matupu, mimi nampigia makofi hata kama goli lililokataliwa ni la timu niliyoipenda tangu utotoni.

Tena kuwa kwenye nafasi ya kuotea si kosa peke yake. Kosa ni kuucheza mpira ukiwa umetokea pale, au kumwingilia mpinzani, au kunufaika mpira ukigonga mwamba ama ukitemwa na kipa. Mtu anaweza kusimama kwenye nafasi ya kuotea dakika nzima bila kuvunja sheria yoyote. Kibendera kinapochelewa, mara nyingi ni kwa sababu mwenye nacho anasubiri kuona nani hasa ataucheza mpira.

Naishia hapa kwa sasa. Karibuni.

Shabiki wa Jukwaani

Mkuu, uzi umeshiba. Ila niulize kwa nia njema: hiyo si inaua raha? Mpira ni kelele na hisia. Ukianza kupima mabega na makwapa unabaki na nini?

Mshika Kibendera

Ndugu yangu, swali zuri na sitalikwepa. Kuna kitu kinapotea. Mpira ukitinga wavuni, jicho langu linakwenda kwanza kwa mshika kibendera. Akikimbia kurejea kuelekea mstari wa kati, ni goli. Akisimama palepale, kuna neno. Wenzangu wameshakumbatiana, mimi ndiyo kwanza naanza kufurahi. Ule ukelele wa kwanza unaotoka bila kufikiri umeniondoka, na sidhani kama utarudi.

Lakini angalia ninachopata. Kiungo anapokea mpira katikati, anapigwa buti la kifundo kutoka ubavuni, anayumba, ila kabla hajaanguka ameshaupenyeza mpira kwa winga. Mwamuzi kipenga kimeshafika mdomoni. Hapulizi. Anasubiri sekunde moja, mbili, anaona winga yuko peke yake, ananyoosha mikono mbele: endeleeni. Krosi, kichwa, goli. Mtangazaji anamsifia winga, anamsifia mfungaji. Kisha mwamuzi anatembea taratibu hadi kwa yule beki ambaye kila mtu alishamsahau, anamtolea kadi ya njano. Katika sekunde zile mbili mtu mmoja alikuwa amebeba mambo manne kichwani: uzito wa lile buti, nafasi ya winga, hali ya aliyeumizwa, na namba ya jezi ya beki. Zamani nilikuwa naona goli tu. Sasa naona na kile kilichoruhusu goli liwepo, na raha yake inakaa muda mrefu zaidi.

Kiungo Mkabaji

Mimi nimecheza miaka mingi, nafasi ya kukaba, na sijawahi kuelewana na marefa. Mleta uzi unawapamba sana. Vipi kuhusu goli la Lampard wa Uingereza dhidi ya Ujerumani, Kombe la Dunia 2010? Mpira uliingia hadi ndani, dunia nzima ikaona, mwamuzi na mshika kibendera wake hawakuona. Na kuna hili la kila siku: mtu amecheza mpira kwanza, bado anapigiwa faulo. Hapo mnaniambia nini?

Mshika Kibendera

Mkuu, nakujibu yote mawili, na la Lampard ndilo linaonyesha vizuri ninachosema.

Bloemfontein, 27 Juni 2010, Ujerumani inaongoza 2–1. Shuti linagonga mwamba wa juu, linadunda ndani ya mstari, linarudi uwanjani. Goli lilikuwa halali na Uingereza ilidhulumiwa, hakuna mjadala. Lakini shabiki anauliza "mbona hawakuona?", mwamuzi anauliza "walikuwa wamesimama wapi?" Mshika kibendera alitakiwa awe sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, kwa sababu wajibu wake wa kwanza ni kuotea. Shuti likishatoka, hakuna binadamu wa kuukimbiza mpira hadi mstari wa goli akafika pamoja nao. Kumkemea mtu kwa hilo kusingeongeza hata hatua moja kwenye mbio zake. Kilichosaidia ni mitambo ya mstari wa goli, inayomjulisha mwamuzi mpira ukivuka, iliyotumika kwenye Kombe la Dunia la 2014 kule Brazil. Tangu nilipoanza kushika kibendera, kila tukio lenye utata naanza na swali hilo la alikuwa wapi, na mara nyingi jibu linanieleza zaidi kuliko marudio kumi.

Sasa "amecheza mpira kwanza". Sheria ya 12 ya soka, ile ya faulo, haimlindi mtu kwa kuugusa mpira kwanza. Inapima namna ulivyoingia. Ukiingia kwa uzembe, ni faulo bila kadi. Ukiingia bila kujali hatari kwa mwenzako, ni njano. Ukiingia kwa nguvu kupita kiasi na kuhatarisha mwili wa mtu, ni nyekundu, hata kama mpira ulitangulia kuguswa. Ukitazama mechi kwa kipimo hicho, unaacha kutazama mpira ulikwenda wapi. Unatazama goti limekunjwa au limenyooka, njumu zinaelekea chini au zinaelekea kwenye muundi, aliyeingia alikuwa na uwezo wa kusimama au ameshajirusha na hawezi tena kujizuia.

Na jihadharini na marudio ya taratibu. Mwongozo wa VAR (waamuzi wasaidizi wa video) wenyewe unataka picha ya taratibu itumike kwa mambo ya hakika, kama mguu uligusa wapi au mpira uligusa mkono sehemu gani, na kasi ya kawaida itumike kupima ukali wa tukio. Ukiipunguza kasi, kila mguso unaonekana kama wa makusudi. Nyumbani tunaletewa ya taratibu mara tano mfululizo halafu tunatoa hukumu ya ukali, jambo ambalo mwamuzi mwenyewe ameelekezwa asilifanye.

Dada wa Kikapu

Wapendwa, nami niingie. Nachezesha mpira wa kikapu, na jambo la jicho huku kwetu ni kubwa zaidi. Sisi tunafundishwa kumtazama mlinzi. Shabiki wote wako kwa mwenye mpira: anadunda, anageuka, anapaa. Mimi namtazama anayemzuia. Je, alishaweka miguu yake mahali kabla mwenzake hajapaa? Amebaki ndani ya silinda yake, yaani nafasi iliyo wima juu ya pale aliposimama, au ametoa nyonga kidogo? Mikono iko juu wima au imeshuka na kumlalia mshambuliaji? Mlinzi akiwa amekaa kihalali, hata wagongane kwa kishindo, mzigo si wake. Ndiyo maana watu wananizomea wakiona mtu ameanguka na mimi nimekaa kimya. Kugusana si lazima iwe faulo.

Jambo la pili ni mipaka ya macho. Tukiwa watatu uwanjani kila mmoja ana eneo lake. Mpira ukiwa upande wa mwenzangu, mimi sina ruhusa ya kuutamani. Natazama wale wasio na mpira, nani anaweka kizuizi (kusimama kumziba mlinzi njia ili mwenzake awe huru) akiwa bado anatembea, nani anamshika mwenzake mkono ili asitoke. NBA walianza kutumia waamuzi 3 moja kwa moja msimu wa 1988/89, na ukiichezesha mechi ya vijana mkiwa wawili tu unaelewa kwa nini: ukimwondoa mwenye mpira na anayemzuia, wanabaki watu wanane, nao hawapumziki.

Sasa nikitazama mechi kwenye televisheni nateseka kwa sababu kamera inaninyima upande ninaoutaka. Nikienda uwanjani napumua. Mume wangu ananiuliza nani amefunga, namwambia sijui, lakini namba 11 amewekwa huru kwa kizuizi safi kabisa. Nasema kwa moyo wote, nimeupenda mchezo huu zaidi nilipoanza kuwaona wale wasioshangiliwa.

Laini ya Wavu

Wavu pia, dada. Mwamuzi wa pili haufuati mpira uliopigwa. Mpigaji akishapiga, macho yanabaki kwenye wavu na kwenye mstari wa kati: nani kagusa wavu, mguu wa nani umevuka. Kishindo kinasikika nyuma huko, unatamani kugeuka, unajizuia. Miezi ya mwanzo ni kazi ya kupigana na shingo yako mwenyewe.

Mwanariadha wa Zamani

Upande wa riadha, mtu akishafundishwa kuanzisha mbio hatazami tena mita 100 kutoka mwisho. Anatazama kutoka mwanzo. Kwenye "tayari" unawaona wanavyonyanyua viuno, na unasubiri wote watulie. Anayechelewa kutulia ndiye wa kuangaliwa. Sheria inahesabu kwamba mtu aliyeondoka chini ya sekunde 0.100 baada ya mlio ameanza kabla ya wakati, kwa kuwa binadamu anahitaji muda kusikia na kuitikia. Usain Bolt alipotolewa kwa kosa hilo kwenye fainali ya mita 100 ya ubingwa wa dunia kule Daegu mwaka 2011, wengi walilia kwamba mashindano yameharibiwa. Mimi niliwawazia wale saba waliobaki, waliokuwa wametulia kama sheria inavyotaka na ilibidi wajipange upya.

Mama wa Kipa

Habari zenu. Mimi si mwamuzi, ni mzazi. Mwanangu anadaka kwenye timu ya vijana. Nauliza kwa mleta uzi: ukiwa uwanjani unatusikia sisi wa pembeni? Na ukitazama mechi, kelele anazopigiwa mwamuzi unazionaje?

Mshika Kibendera

Mama, shikamoo. Tunawasikia. Wa katikati anasikia nusunusu, ila mwenye kibendera anakimbia mbele ya miguu yenu na kila neno linamfika. Kinachoumiza zaidi si tusi la mzee mwenzangu. Kwenye mechi za vijana mwenye kibendera mara nyingi naye ni kijana, pengine umri mmoja na mwanao, na anayemtukana ni mtu mzima. Nimeona vijana wenye jicho zuri sana wakirudisha kipenga na kuacha, si kwa sababu hawakuweza kazi. Mimi nikikaa jukwaani leo sipigi kelele hata uamuzi ukiwa mbovu. Namtazama mwamuzi baada ya uamuzi ule: anarudi haraka kwenye nafasi yake? Sauti ya kipenga chake inabaki na nguvu ileile? Anaanza kuogopa kupuliza dhidi ya timu inayopiga kelele? Mwamuzi anayeweza kusahau dakika ya 20 akachezesha dakika ya 21 kwa kichwa safi ndiye ninayemheshimu kupita wote.

Na ukitaka kumsaidia mwanao, mwonyeshe sheria mpya ya makipa. Tangu msimu wa 2025/26, kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde 8 wapinzani wanapewa kona. Mwamuzi ananyoosha mkono na kuhesabu sekunde 5 za mwisho kwa vidole. Kipa anayemtazama mwamuzi hatashtukizwa.

Kiungo Mkabaji

Nimesoma yote hadi hapa. Bado sikubaliani kwamba kila kosa lina maelezo ya mahali pa kusimama. Wapo walio karibu, wanaona, na bado wanaogopa.

Mshika Kibendera

Hilo nakubaliana nawe mkuu, na ni kweli chungu. Kuona ni nusu, kuamua ni nusu nyingine. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2022, Argentina na Ufaransa 2–2, zimebaki dakika chache, Marcus Thuram wa Ufaransa akaanguka ndani ya kumi na nane. Mwamuzi Szymon Marciniak akamtolea kadi ya njano kwa kujiangusha. Hebu fikiria uzito wa dakika ile. Njia rahisi ilikuwa kunyamaza, kuacha mchezo uendelee, na hakuna ambaye angemlaumu sana. Aliamini alichokiona. Ukitazama kwa jicho la shabiki ni tukio dogo lililopita katikati ya magoli sita. Kwangu ni mojawapo ya nyakati kubwa za fainali ile.

Nikitazama mtu anaanguka, jicho langu linakwenda kwenye mguu wa nyuma. Kama magoti yameshaanza kukunjika kabla ya kuguswa, au mguu umebaki nyuma ukimtafuta beki, nina shaka. Mtu aliyekwatuliwa kweli huanguka vibaya, hana muda wa kupanga mikono.

Shabiki wa Jukwaani

Haya, mmenishawishi nijaribu. Nianzie wapi? Na nifafanulieni hili la "mpinzani wa pili kutoka mwisho". Kwa nini msiseme beki wa mwisho tukaelewana?

Mshika Kibendera

Anza uwanjani, si kwenye televisheni. Tafuta mechi yoyote ya vijana, simama pembeni sambamba na ngome ya timu moja, na kwa kipindi kimoja usifuate mpira. Nenda na ngome hiyo tu: inapopanda panda, inaporudi rudi. Utachoka haraka kuliko unavyodhani. Pasi zisikilize. Kipindi cha pili mtazame mwamuzi wa kati anavyokimbia. Mzuri utamwona ameshaondoka kabla kaunta (shambulizi la kushtukiza) haijaanza, kwa sababu amemwona kiungo akiinua kichwa. Pierluigi Collina, aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia ya 2002 kati ya Brazil na Ujerumani, alijulikana kwa kuzisoma timu kabla ya mechi, mbinu zao na wachezaji wao, ili mchezo usimkute nyuma.

Kuhusu kuhesabu: sheria haisemi beki, na haisemi kipa. Inasema wapinzani wawili wa mwisho. Siku nyingi mmoja ni kipa na mwingine ni beki, ndiyo maana tunazoea kumtazama beki wa mwisho. Kipa akitoka golini hesabu inabadilika. Mechi ya ufunguzi ya Kombe la Dunia 2010, Afrika Kusini na Mexico, ilipigwa kona, kipa Khune wa Afrika Kusini akatoka, mpira ukaguswa kwa kichwa ukamkuta Carlos Vela wa Mexico naye akafunga. Kulikuwa na mlinzi mmoja kwenye mstari wa goli, na watu wengi walipomwona walisema Vela hajaotea kwa vile kuna mtu nyuma yake. Lakini kipa alikuwa ameshapitwa, kwa hiyo kati ya Vela na mstari alibaki mtu mmoja tu, na walihitajika wawili. Kibendera kikapanda, goli likakataliwa, na uamuzi ulikuwa sahihi. Itafute picha yake, isimamishe pale mpira unapoguswa kwa kichwa, kisha hesabu mwenyewe.